Upo? Nipo!

Kila jioni, mama akikaanga vitunguu, simu yake ilianza kelele. "Upo?" sauti moja iliuliza. "Nipo!" nyingine ikajibu. Walikuwa madaktari waliohitimu chuo pamoja naye, sasa kila mmoja na hospitali yake. Siku ya mahafali waliahidiana kujuliana hali kila jioni, mvua inyeshe, jua liwake.

Binti yake, aliyeitwa Chiriku kwa domo lake, alichoshwa na salamu hizo.

"Mama, watu wazima nyinyi hamchoki?"

"Tukichoka, tutapotezana," mama alicheka.

Jioni moja mama alirudi kutoka kazini akitetemeka. "Uchovu tu, mwanangu," alisema, akajitupa kitandani hata koti jeupe hakuvua. Simu ikaanza: "Upo? Mbona kimya? Upo?" Chiriku alikuwa akihangaika na hesabu za shule, nazo zilikuwa zimemkataa katakata. Akaishika simu, akaandika "Nipo," akazima sauti. Kimya! Raha iliyoje.

Baadaye alimpelekea mama chai. Mama hakuipokea. Mwili ulikuwa moto na maneno yake hayakueleweka. Lo! Chiriku aliogopa sana. Nyumbani walikuwa wawili tu, na marafiki wote walidhani mama ni mzima. Nani angekuja?

Alimpigia daktari mmoja wa kundi lile, aliyetaniwa Bonge ingawa alikuwa mwembamba kama ufagio.

"Mama mdogo, nimedanganya," alilia. "Ile 'Nipo' niliandika mimi. Mama anaumwa sana!"

"Nyamaza, mwanangu. Mpanguse kwa kitambaa cha maji. Nakuja."

Bonge alifika mbio, kandambili moja nyekundu, nyingine ya buluu. Akampima mama, akamtundikia dripu, akakaa naye mpaka akafumbua macho.

"Nisamehe, mama," Chiriku alinong'ona. Mama akamshika mkono.

"Mganga hajigangi," Bonge alisema kwa upole. "Ndiyo maana tunaulizana. Lakini salamu yenye jibu la uongo haimfai mtu. Ulikosea, kisha ukasema kweli bila kujificha. Ukweli huo ndio ulionileta hapa."

Simu, iliyokwisha kurudishiwa sauti, ikaita. "Upo?" mwenzao mwingine aliuliza. Mama akamsogezea Chiriku simu.

"Yupo," Chiriku alijibu, machozi yakimtiririka. "Anaumwa, lakini yupo. Na mimi nipo."