Kicheko Nyuma ya Pazia

Siku waliyokutana, Concetta Baldassare alikuwa ameshika sahani ya pai mkono mmoja na saa ya sekunde mkono wa pili, na nyuma yake watu kama arobaini wakisukumana kwa njaa. Ilikuwa saa saba mchana, mtaa wa Broadway, kwenye ule mkahawa wa vijidirisha ambako unatumbukiza sarafu, kijimlango kinafunguka, unachukua chakula chako bila kumshukuru mtu. Mbele yake alisimama kijana mwembamba, koti la kijani la miraba, tai ya njano, akibishana na kijidirisha.

"Nimekupa sarafu mbili," alikiambia kwa sauti ya mtu aliyeumizwa. "Nimekubembeleza mbele ya watu. Sasa unataka nini, nikupeleke nyumbani ukaonane na mama?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kidole cha Concetta kikabonyeza saa chenyewe, kwa mazoea.

"Bibie," kijana akageuka, "unanihesabia nini? Muda niliobakiza kabla polisi hawajafika?"

"Sekunde sita."

"Sita za nini?"

"Za kicheko. Ndiyo kazi yangu. Nahesabu vicheko kwenye mazoezi ya kipindi cha Jumamosi, cha Buddy Farrow."

"Sita, na watu wenyewe wana njaa! Wakishiba je?"

"Wakishiba wanasinzia."

Basi. Hapo ndipo Solly Perelmuter alipokwisha, na mimi simlaumu. Msichana mwenye gauni la bluu lililomkaa sawasawa, kola nyeupe, macho makubwa ya Kisicilia, halafu anajua kujibu! Kumbe na yeye alikuwa anaelekea palepale. Siku hiyo alikuwa anaanza kazi kwa Buddy Farrow, ya kuchangamsha ukumbi.

Kazi hiyo ni hivi. Televisheni ya siku zile ilikwenda hewani papo hapo. Ukikosea, nchi nzima imekuona. Watazamaji ukumbini wakiingia wamenuna, kipindi kimekufa. Kwa hiyo kabla ya saa mbili usiku mtu mmoja husimama chini, pembeni ya jukwaa, mahali kamera hazifiki, awachekeshe mpaka walegee. Sekunde thelathini kabla ya kwenda hewani, Concetta huinua mkono. Yule mtu ananyamaza, anatoka, bendi inaanza, pazia linafunguka, na sifa zote anachukua Buddy.

Miaka miwili Solly aliifanya kazi hiyo. Miaka miwili alimsindikiza Concetta mpaka kituo cha treni akimtania njia nzima.

"Mama yangu kanunua televisheni huko Brooklyn ili amwone mwanawe," alikuwa akisema. "Kila Jumamosi anaita majirani. Kipindi kikiisha ananipigia simu: 'Solly, leo pazia lilipendeza sana.'"

Concetta alicheka kila mara, na kila mara moyo ulimuuma kidogo.

Ndipo ilipofika ile wiki ya Oktoba. Mgeni wa Jumamosi angekuwa Valerie Stroud, nyota wa sinema, na kulikuwa na mchezo mfupi wa bibi tajiri na mhudumu wa hoteli. Mchekeshaji aliyepangwa kuwa mhudumu aliteguka mguu. Jumatatu kwenye mazoezi wakamwambia Solly ajaribu. Jamani! Valerie Stroud alicheka mpaka kope yake ya bandia ikamdondokea kwenye supu. Mafundi wa kamera walicheka, na mafundi wa kamera hawachekagi. Concetta aliandika kwenye karatasi yake: sekunde kumi na saba.

"Jumamosi mama ataniona uso," Solly alimnong'oneza. "Na Jumapili nitakuja kwa baba yako nikiwa nimevaa tai ya heshima. Nina neno naye."

"Neno gani?"

"La kiume. Usiulize."

Alfajiri ya furaha ni fupi. Jumanne Concetta alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuwahi kumwambia mtu, hata Solly. Alichapa majina ya wote ambao nyuso zao zitaonekana hewani Jumamosi, kisha akapiga simu namba fulani. Upande wa pili kulikuwa na mwanamume asiye na jina. Wewe unasoma jina, yeye anasema "ndiyo" au "hapana". Huulizi kwa nini. Siku zile nchi yote ilikuwa inaogopa wakomunisti, na jina lako likiingia kwenye orodha kwa lolote lile, mkutano, mchango, rafiki, ulikuwa umezikwa mzima. Jina la mchangamsha ukumbi halikuwahi kusomwa, kwa sababu haonekani.

"Valerie Stroud."

"Ndiyo."

"Solomon Perelmuter."

Karatasi zikasikika zikichakarishwa kwenye simu.

"Hapana."

Concetta alibaki ameshika simu, mkono baridi kama chuma cha lango wakati wa theluji. Bwana Haldane, mtayarishaji wa kipindi, mtu wa suti ya kijivu na sauti laini, alikuwa amesimama mlangoni. Alifunga mlango.

"Asiambiwe," alisema. "Hakuna anayeambiwa. Akijua, ataleta wakili, na kampuni ya sabuni inayotulipa haitaki kelele. Tutamwambia hachekeshi. Lete karatasi yako ya vicheko. Hiyo kumi na saba iandike upya."

"Niandike nini, bwana?"

"Mbili."

"Lakini watu wote walisikia..."

"Concetta." Akamwangalia kwa upole, na upole huo ulimtisha kuliko matusi. "Baba yako fundi cherehani, siyo? Miaka ishirini na sita hapa na bado hajapata uraia. Na aliwahi kusaini karatasi za mgomo wa washonaji, mwaka thelathini na tatu. Watu wanarudishwa makwao kwa madogo kuliko hayo."

Concetta hakuwahi kumwambia mtu hapo kazini habari hizo za baba yake. Haldane alijuaje? Ni nani mwingine anajua? Concetta alikaa akaandika karatasi mpya. Ile ya kweli aliambiwa aichane. Aliikunja, akaificha ndani ya kiatu.

Alasiri Solly aliitwa ofisini. Alipotoka, tai ya njano ilikuwa mfukoni.

"Sekunde mbili," alimwambia Concetta koridoni. "Nimeona mwandiko wako, Conce. Ile saba yako yenye kamstari katikati, aliyokufundisha baba yako, iko kwenye tarehe. Ni wewe."

Concetta alitaka kusema ukweli. Mungu anajua alitaka. Lakini mlango wa Haldane ulikuwa wazi kidogo, na kivuli cha mtu kilikuwa sakafuni, hakisogei.

"Ndivyo saa ilivyosema," alijibu.

"Wenzangu wote pale walicheka kunihurumia?"

"Sijui, Solly."

"Ungeniambia mwizi, ningecheka. Ungeniambia nina sura ya punda, mama kashaniambia. Lakini hili..." Alivaa kofia akaondoka.

Jumatano Concetta alitoka kazini akaenda kibanda cha simu cha duka la dawa, mitaa mitatu mbali. Alihakikisha hakuna aliyemfuata. Alipiga simu kwenye nyumba aliyopanga Solly. Ikapokelewa na mwenye nyumba, Bi Ostrowski.

"Solly? Yuko chumbani anapanga masanduku. Anakwenda Cleveland kwa mjomba wake, kuuza magodoro. Wewe ndiye yule wa saa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Wewe mtoto, umemfanya nini? Tangu jana hajaitukana supu yangu!"

Solly alikuja kwenye simu. "Sema."

Kukasikika mlio mdogo kwenye waya, ta! Pengine ilikuwa baridi tu. Pengine Bi Ostrowski hakukata simu ya jikoni. Pengine kulikuwa na mtu anayesikiliza.

"Conce? Upo?"

"Nilitaka... kukusalimia."

"Umeshanisalimia," alisema Solly, akakata.

Usiku wa Ijumaa hakula. Baba yake, mzee Gaetano, alikuwa anapinda suruali ya mtu, pini mdomoni. Nje, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na gari jeusi lililoegeshwa tangu jana, na wanaume wawili ndani. Huenda walikuwa wanangoja rafiki yao. Concetta alishusha pazia, akamnong'oneza baba yake habari yote, mwanzo mpaka mwisho.

Mzee alitema pini moja moja kwenye kiganja.

"Mbona unanong'ona?"

"Baba, wale watu nje..."

"Nilitoka kwetu kwa sababu mama yako alikuwa ananong'ona jikoni kwake mwenyewe, kwa kuogopa wapelelezi wa serikali. Nikasema mtoto wangu hatanong'ona." Mikono ilikuwa inamtetemeka, na aliificha chini ya suruali ya watu. "Naogopa, mwanangu, usidhani siogopi. Lakini huyo kijana umemwibia. Kirudishe kitu cha mtu."

Jumamosi jioni Solly alirudi kumaliza zamu yake ya mwisho kabla ya kwenda Cleveland. Concetta alimvuta kwenye chumba cha mavazi, katikati ya makoti ya manyoya ya Valerie Stroud yaliyonukia marashi, akavua kiatu.

"Sasa tumefikia kurushiana viatu?" Solly aliuliza, bila kucheka.

"Soma."

Alisoma. Karatasi ilikuwa imelegea kwa jasho la siku nne, lakini ile saba yenye kamstari ilionekana wazi.

"Kumi na saba," alisema polepole.

"Jina lako lilirudi 'hapana'. Mimi ndiye niliyepiga simu, Solly. Haldane akasema baba yangu atarudishwa Sicilia, na mimi nikaogopa, nikaandika mbili. Unaweza kunichukia. Lakini usiende Cleveland ukiamini huchekeshi. Ni uongo, na ni uongo wangu."

Solly alikaa juu ya sanduku la viatu. Rangi ilimtoka usoni. Sasa ilikuwa zamu yake kuogopa.

"Orodha," alinong'ona. "Lakini mimi nimefanya nini? Labda ule mchango wa maziwa ya watoto, mwaka arobaini na tano. Nilisimulia vichekesho vitatu, nikapewa mkate wenye jibini. Conce, jibini lenyewe lilikuwa limechacha!"

Mlango ukafunguka. Walishikana mikono kama watoto waliokutwa stoo. Alikuwa Valerie Stroud mwenyewe, gauni la fedha, amekuja kuchukua koti. Aliwatazama, akaitazama karatasi. Uso wake chini ya poda ulikuwa na hofu ileile.

"Sikuwaona," alisema, akachukua koti, akatoka haraka.

Saa mbili kasoro dakika kumi Solly alisimama mahali pake, chini, pembeni. Mtu alikohoa ukumbini. Solly akamwangalia Concetta aliyesimama kando ya kamera na saa yake, naye Concetta akamwonyesha vidole: kumi, halafu saba.

"Mama mwenye nyumba yangu," Solly alianza, "anapika supu ya kuku. Kuku anapita karibu na sufuria, anasalimia, anakwenda zake."

Wakacheka. Akawapa ya pili, ya tatu, na watu mia sita wakawa wanajifuta machozi. Sijui kama kuna mtu aliwahi kuchekesha vile akiwa na hofu vile.

Sekunde thelathini. Concetta alipaswa kuinua mkono. Mkuu wa bendi alikuwa anautazama mkono huo, fimbo juu. Kwenye kioo cha chumba cha mitambo Haldane alikuwa anautazama pia.

Aliona gari jeusi akilini. Aliona mikono ya baba yake. Mkono ukabaki chini.

Ishirini. Kumi. Haldane alikuwa anagonga kioo kwa ngumi, bila kusikika.

"Na mama yangu," alisema Solly, "kanunua televisheni anione. Kila Jumamosi ananipigia simu: 'Solly, leo pazia lilipendeza sana!'"

Ukumbi ulilipuka, na taa nyekundu ya kamera ikawaka: wako hewani. Nchi nzima, kila sebule yenye kile kisanduku, iliona pazia limefungwa, halitikisiki, na nyuma ya picha hiyo watu mia sita wanacheka mpaka wanakosa pumzi, wanacheka kitu kisichoonekana. Hakuna aliyeweza kukifuta kicheko hicho, maana kilikuwa kimeshakwenda hewani. Concetta alibonyeza saa. Kicheko kilipoanza kushuka, aliinua mkono, bendi ikapiga.

Kumi na tisa.

Walitolewa kwa mlango wa nyuma kabla ya tangazo la kwanza la sabuni. Haldane hakupaza sauti. "Jumatatu nitapiga simu kadhaa," alisema tu. Waliijua maana yake. Walitembea haraka chini ya mvua wakigeuka nyuma kila kona, mpaka wakaingia mkahawa wa vijidirisha, maana ulikuwa na mwanga na watu. Solly aliingia kibanda cha simu cha kona, akamvuta Concetta ndani, wakabanana.

"Mama? Ni mimi. Nimefukuzwa kazi. Usilie, mama. Umetazama?"

Sauti ya Bi Perelmuter ilijaza kibanda kizima. "Nimetazama! Sikukuona. Pazia tu, na watu wanacheka. Majirani wananiuliza wanacheka nini. Nikawaambia, nyamazeni, huyo ni Solly wangu!"

Solly alifumba macho. Kisha akamgeukia Concetta, simu bado mkononi.

"Sina kazi," alisema. "Jina langu limeoza. Jumatatu wanaweza kuja kwa baba yako, na mimi nikiwa karibu nanyi itakuwa mbaya zaidi. Naogopa mpaka meno yanauma. Utaolewa na mimi?"

Concetta aligeuza macho. Nje ya kioo mwanamume mwenye kofia alikuwa anangoja simu, au alikuwa anawatazama. Hakuna namna ya kujua.

"Ndiyo," alisema.

"Hutaki kuuliza sababu?"

"Nimesema ndiyo."

"Solly?" mama akapiga kelele kutoka Brooklyn. "Nani huyo? Solly! Nani kasema ndiyo?"