Kompyuta Nyepesi ya Majengo

Kila mitihani ilipokaribia, Mama Purity aliifunga taipureta yake ndani ya gunia, akaibeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, kama wanawake wa Ishiara wanavyobeba kuni. Binti yake Purity, wa darasa la saba, alimfuata na karatasi. Walizunguka shule hadi shule, kwa kuwa walimu wakuu hawakukubali maswali ya mtihani yatoke ofisini mwao. Ilibidi mpiga chapa awafuate.

Huo ulikuwa mwaka wa 1997, na mgongo wa mama ulikuwa umeanza kukataa. Akiinama kuwasha moto, alishika ukuta ndipo ainuke. Purity alimwonea huruma hadi akakosa hamu ya kula.

Likizo ya Agosti walikwenda Meru, mtaa wa Majengo, kwa Shueib aliyeuza redio na saa. Shueib aliwawekea mezani kompyuta ya kukunja.

"Laptopu hii, Mama. Iinue mwenyewe."

Mama aliiinua kwa mkono mmoja. Alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Ala! Hata kuku wangu ni mzito kuliko hii. Kule kwetu umeme haujafika, lakini parokiani wana jenereta na mashine ya kuchapisha. Nitatia betri chaji pale, nizunguke nayo shuleni, kisha mwalimu mkuu anisindikize parokiani kuchapisha."

Aliahidi kurudi akishauza mtamba wao, akatoka kuulizia gari la kurudi, Purity akibaki dukani. Mara adhana ikasikika. Shueib alipokuwa akielekea msikitini, alimgeukia Purity.

"Nimesahau kumwambia mama. Betri ya hii ilikufa zamani, inafanya kazi ikichomekwa ukutani tu. Mwambie, asije akauza ng'ombe bila kujua."

"Sawa, mzee," Purity akajibu.

Lakini hakusema. Alikuwa ameuona uso wa mama ukicheka, na hakukumbuka ulicheka lini mara ya mwisho. Alijidanganya kwamba betri nyingine ingepatikana. Kila mama alipoitaja laptopu, Purity alibadilisha mazungumzo, na kadiri alivyochelewa ndivyo alivyozidi kuogopa.

Siku ya soko, mama alimfungua mtamba. Mtamba huyo alikuwa na mimba, na wadogo zake Purity walikuwa wakiyasubiri maziwa yake. Sokoni, mchuuzi aliyeitwa Gitari alimpapasa mnyama, wakaelewana bei.

"Purity, mpe kamba," mama akasema.

Purity aliikumbatia kamba kifuani.

"Una nini, mwanangu?"

"Mama, usimuuze! Ile laptopu haina betri. Shueib aliniambia nikwambie. Nilinyamaza... nilitaka mgongo wako upumzike."

Mama aliishika kamba mwenyewe. Gitari akazirudisha pesa zake mfukoni. "Basi hakuna biashara leo. Lakini mtoto amekuokoa, Mama."

Walirudi nyumbani, mama akitangulia na mtamba. Purity alifuata nyuma, akitarajia kuchapwa. Walipofika, mama alimketisha karibu naye.

"Ungenyamaza mpaka jioni, tungekosa ng'ombe na tukakosa mashine. Hata ukinihurumia vipi, Purity, usinifiche ukweli."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Hata mimi nina langu nililolificha. Shule hizi zote zina punda wa kuteka maji, na sijawahi kumwambia mwalimu yeyote kwamba mgongo unaniuma. Niliogopa watatafuta mpiga chapa mwingine."

Kesho yake walikwenda kwa Mwalimu Njagi, mkuu wa shule ya jirani, na mama akamweleza. Mwalimu aliinamisha kichwa kwa aibu.

"Mama Purity, mbona ulinyamaza? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Punda wetu atakuja kuichukua mashine, na nitazungumza na wenzangu wafanye vivyo hivyo. Wewe nenda kliniki mgongo huo ukaangaliwe."

Wiki ya mitihani, taipureta ilipanda punda. Mama alitembea mikono mitupu, alama ya mkanda ikionekana bado kwenye paji la uso wake. Purity aliitazama.

"Neno gumu liseme siku unayolisikia, mwanangu," mama alimwambia. "Ukilibeba, haliwi jepesi."

Purity akaitikia kwa kichwa, akaharakisha hatua ili atembee sambamba na mama yake.