Mwenye Jina

Harufu ya mchanga wa mtoni ndiyo iliyotangulia. Mtaa wa Kianda ulikuwa mkavu, watu wanagombania mitungi ya maji, na bado kila Nasambu alipomwinamia mtoto wake Tonny, pua ilimletea tope na majani yaliyooza. Akafua shuka, akafua leso, akaanika godoro nje kutwa nzima. Harufu ikabaki palepale, shingoni mwa mtoto.

Elvis, mumewe, hakuinusa. Siku hizo Elvis hakuona wala kunusa lolote lisilokuwa ukoo. Watu wa ukoo wa Wepukhulu walioko Nairobi walikuwa wakipanga mkutano mkubwa Kawangware, na yeye, kwa kuwa ana simu nzuri na mdomo usiochoka, akapewa kazi ya kutafuta nani alimzaa nani, na jina lenyewe lilitoka wapi. Akiacha kuchomelea mageti, anashika simu. Aliwasumbua mashangazi wa Bungoma mpaka wakawa wanamzimia simu. Akapanda kutoka kwa baba hadi babu, hadi Makokha, hadi kwa Wepukhulu wa kwanza, na hapo akagonga ukuta. Wepukhulu alikuwa mtoto wa nani? Hakuna aliyejua. Kukhu, bibi yao mzee kuliko wote, aliyeishi Kawangware, alimjibu kwa mkato, "Umefika mwisho. Sasa shuka."

Elvis si mtu wa kuambiwa shuka.

Kisha Tonny akaanza kulia. Alilia mpaka sauti ikakwaruza, na kliniki hawakuona ugonjwa wowote. Valary, dada yake Elvis, alikuja kutoka mtaa wa Raila, akamtazama mtoto, akasema, "Mama Tonny, huyu mtoi anaitisha jina."

Nasambu alijua hilo. Kwao mtoto akilia namna hiyo, kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa. Watu humkalia mtoto wakamtajia wafu mmoja mmoja huku mama anampa titi, na akitajwa mwenyewe, mtoto hunyamaza akanyonya. Nasambu alikuwa amemwita mwanawe Tonny kwa ajili ya kaka yake aliyekufa, bila kuuliza mtu. Akajilaumu. Akakubali waite.

Wakaita mchana, jua likiwaka juu ya mabati. Wafu wote alikuwa nao Elvis, na alijivunia, utadhani yeye ndiye aliyewazaa. Alitaja, mtoto akalia. Alitaja wengine, mtoto akalia. "Kuka Wepukhulu, babu yetu, baba wa Makokha, kama ni wewe, nyonya." Hapo Tonny alipinda mgongo akapiga ukelele hadi jirani akagonga ukuta.

"Majina zimeisha," Valary alisema.

"Bado mmoja."

"Elvis, wachana na hiyo. Kukhu alikwambia nini?"

Elvis alikwisha kuinama juu ya mtoto. "Wewe uliye nyuma ya Wepukhulu," alisema, "sijui unaitwa nani. Lakini kama ni wewe, karibu. Huyu ni wako."

Kilio kikakatika. Elvis akacheka, akapiga makofi. "Si niliwaambia?" Valary naye akashusha pumzi. Nasambu peke yake ndiye aliyehisi midomo ya mtoto ikifungwa kwenye titi lake, migumu, baridi, na alipomfuta shingo, vidole vyake vilitoka na punje za mchanga.

Tangu hapo Tonny hakulia tena, wala hakunyonya. Alikataa titi, akakataa kijiko, uji ukamtiririka kidevuni, na mbavu zikaanza kuhesabika huku macho yametua kwa Elvis, yakimfuata akienda mlangoni, yakimfuata akivua viatu, yakimsubiri arudi kazini, macho ya mtu mzima aliyekaa sana mahali pabaya na hatimaye ameona watu wakipita, mpaka Elvis mwenyewe akaanza kula akiwa amewapa mgongo. Nasambu aliogopa. Alimwogopa mtoto aliyemzaa, na aibu ya kumwogopa ilimuuma kuliko hofu yenyewe.

Wakampeleka kwa Kukhu. Kikongwe alimnusa mjukuu kabla hajamfunua, akarudi nyuma hatua moja.

"Ni jini, Kukhu?" Nasambu aliuliza kwa mnong'ono.

"Heri lingekuwa jini. Huyu ni mtu." Akamgeukia Elvis. "Nilikwambia ushuke."

Akawaeleza, sauti chini, mlango umefungwa. Babu yao wa kwanza hakuwa Wepukhulu. Alikuwa kijana anayesafiri kwa miguu kutafuta kazi kwenye shamba la mzungu, pamoja na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyeitwa Wepukhulu, na ndiye aliyekuwa ameahidiwa kazi. Kabla hawajafika, rafiki akashikwa na homa mtoni. Babu yao akamlaza mchangani, akamwacha angali anaita. Asubuhi nyapara alipoita Wepukhulu, yeye ndiye aliyeitika.

"Akaitika maisha yake yote," Kukhu alisema. "Sisi sote tunaitika."

"Tufanye nini, Kukhu?"

"Mrudishieni jina lake. Wote. Kila anayelitumia alitupe."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa mabati katika ploti ya Mbuthia, pale Kawangware. Watu walijaa, wali na kuku vikinukia. Nasambu alisimama mbele yao na mtoto mwepesi mikononi, akasema yote, akalia, akapiga magoti. Baba mkubwa Simiyu, mwenyekiti, alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, tunakuhurumia," alisema. "Lakini unataka watu wote hawa wabadilishe vitambulisho? Vyeti vya watoto? Makaburi ya baba zetu tuyafute? Tutamwombea mtoto."

"Anakufa!"

"Haya. Anayekubali kuliacha jina, ainue mkono."

Nasambu aliinua wake. Kukhu akainua. Valary aliinua nusu, akatazama huku na huku, akaushusha. Nasambu akamtafuta mumewe kwa macho. Elvis alikuwa anaangalia viatu vyake, mikono mifukoni.

"Imeisha hiyo," Simiyu alisema, na ili kuwachangamsha watu akapaza sauti, "Sisi ni nani? Wepukhulu!"

"Naam," sauti ikaitika.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, iliyokauka kwa kiu, na ilitoka ndani ya leso ya Nasambu, na kabla mtu hajauliza ni nani, ikaitika tena, "Naam, niko hapa," na viti vikaanguka, na sahani zikaanguka, na wanaume waliokuwa wakicheka sasa hivi wakakanyagana mlangoni, Elvis miongoni mwao, mpaka ukumbi ukabaki na Kukhu aliyejifunika uso kwa kitambaa chake, na mama, na mtoto.

Nasambu akaketi sakafuni. Akatoa titi. "Tonny," alimwita. "Tonny wangu, nyonya." Mtoto hakugeuka. Alimwita tena kwa jina hilo la kaka yake, akamwita kwa majina yote ya mapenzi anayojua mama, akamsugulia maziwa mdomoni, na midomo ile ikabaki imefungwa, na kifua kidogo kikawa kinapanda kwa shida.

Alijua kilichobaki. Hakutaka kukisema, akakisema.

"Wepukhulu," alinong'ona. "Wewe mwenyewe. Uliyeachwa mtoni. Nyonya."

Mtoto akafungua kinywa akanyonya. Alinyonya kwa nguvu, maziwa yakimwagika, rangi ikimrudia mashavuni, na mkono wake mdogo ukapapasa kifua cha Nasambu taratibu, kwa shukrani.

"Na mwanangu?" Nasambu aliuliza huku machozi yakimdondokea usoni. "Tonny wangu yuko wapi?"

Aliliachia titi kidogo, akamtazama kwa huruma.

"Yuko pale waliponiacha," alisema, akarudi kunyonya.