Mzinga Usio na Alama

Ilianza na mvumo. Alhamisi moja, saa saba mchana, Emilian aliingia kwenye chumba anachowekea vyombo vyake vya muziki, nyumbani kwake Kanyenye, mjini Tabora, akakuta amplifaya inavuma. Hilo peke yake halikumshtua. Mtu aliyepiga gitaa miaka ishirini anajua kwamba waya wa ethi ukilegea, spika hunung'unika kama mgeni aliyecheleweshewa chai. Akainama aichomoe. Plagi ilikuwa sakafuni, imelala, ina vumbi lake.

Alisimama akiitazama. Mvumo ukafifia taratibu, kama mtu aliyegundua kuwa anasikilizwa.

Emilian, lazima niseme, alikuwa mtu wa maoni, na hakuwahi kuyameza. Ukimkaribisha chai atakueleza kwamba gitaa la dukani ni kabati lenye nyuzi, kwa kuwa mbao zake zimekaushwa kwa haraka kwenye tanuri. Nyuzi mpya, alisema, hupiga kelele kama sahani za bati mpaka zinywe jasho la vidole wiki mbili. Amplifaya aliitaka ya zamani, yenye taa za kioo ndani, inayochelewa kupata moto, maana sauti ni kama wali, haipendi moto wa pupa. Na zile pedali ambazo wapiga gitaa hukanyaga kubadili sauti, alikuwa nazo nne na akaiheshimu moja tu, ya mwangwi. Zilizobaki aliziita pilipili ya kufichia nyama iliyochacha. Wenzake wa bendi walimcheka sana, lakini hakuna aliyembishia, kwa sababu sikio lake lilikuwa halikosei.

Ubao aliouota ni mninga uliojikaukia wenyewe kwa miaka mingi. Aliupata miezi michache kabla ya Alhamisi ile, huko Usinge, alikokwenda kumzika baba yake mdogo. Nyuma ya mashamba, pale njia ya zamani ya misafara inapoingia porini, palikuwa na mzinga wa nyuki juu ya mti, gogo zee la mninga, jeusi kwa moshi. Alipanda, akaligonga kwa kidole. Likalia noti ya sol, safi, na likaendelea kulia. Ndani hamkuwa na nyuki hata mmoja.

Warina asali wa Unyamwezi huchoma alama kwenye mizinga yao, kila mtu na alama yake, na mzinga wenye alama ya mwenzako hauguswi. Emilian aliuzungusha mzima akitafuta. Haukuwa na alama. Akajiambia kwamba kisicho na alama hakina mwenyewe, akaufunga kamba, akaushusha. Alikuwa mtoto wa mjini, desturi za babu zake alizijua nusu, na heri angekuwa hazijui kabisa, maana angeuliza.

Hilari, seremala wa Kanyenye, aliuliza alama iko wapi kabla hajashika msumeno. Akajibiwa hivyo hivyo. Akaupasua, wakaunda gitaa lenye tumbo pana. Katika mabaki kulikuwa na kibanzi kimoja cha urefu wa kidole. Emilian alikwenda nacho nyumbani, akakichonga kikawa daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi, akakibandika kwenye gitaa lake la zamani. Alikuwa na maoni juu ya madaraja pia: ndiyo mlango wa sauti kuingilia tumboni.

Gitaa jipya liliwaliza watu harusini. Halikuhitaji pedali yoyote, mwangwi ulikuwamo humo humo. Ila ukizifunika nyuzi kwa kiganja ili zinyamaze, sauti haikukatika mara moja. Ilibaki kidogo, na kila wiki ilibaki zaidi. Kisha ikaja harufu, moshi wa kurina asali, nyumba nzima, kila saa saba, jua likiwa kali na mtaa umetulia, wala hakuna jirani aliyewasha moto.

Kisha ikawa zamu ya Bernadeta.

Bernadeta, mke wake, ndiye aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kwaya ya parokia. Mwezi uliofuata kwaya ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na wimbo wa jubilei ulianza na sauti yake peke yake. Emilian alimpendea mengi, lakini kwanza alimpendea sauti ile. Ndicho kitu pekee duniani ambacho hakuwa na maoni juu yake. Sasa ikaanza kukwama. Akifungua kinywa aimbe, ilitoka pumzi kavu. Hospitali walimmulika koo, wakasema ni zima.

Mchana mmoja baada ya chakula Emilian alimkuta mkewe amejilaza mkekani, usingizi mzito, midomo imefungwa, na mvumo ukimtoka, sol ile ile ya mzinga, na alipopiga magoti na kumsogezea sikio, lile sikio lake lisilokosea, akasikia kwamba mvumo haukuwa mmoja bali ni sauti nyingi zilizobanana, za watu wanaovuma pamoja huku wanatembea, mamia ya nyayo juu ya majani makavu, na mbele yao kengele ndogo, na wote hawakuwa wanapita bali walikuwa wanakuja, wanakuja, mpaka sauti moja ikawa karibu kuliko zote, ikaacha kuvuma, ikavuta pumzi.

Bernadeta akafumbua macho.

"Kuna mtu anaingia na kutoka kifuani mwangu," alinong'ona. "Anapima. Kama anayetazama chumba cha kupanga."

Kesho yake Hilari, aliposimuliwa hayo, aliwapeleka Usinge kwa Ng'washi, mwanamke aliyerithi uganga na mizinga ya ukoo wake. Emilian alipotoa shikamoo, aliitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye gitaa la mninga walilokuja nalo. Akamwambia alipige uzi mmoja. Kisha akaufunika kwa kiganja chake mwenyewe, na wote wakasikia sauti inavyobaki.

Aliwasimulia kwa hasira, kama anayekemea watoto. Zamani za wapagazi, jini lilifuata msafara uliotoka pwani, na kila msafara ulipolala, mpagazi mmoja hakuamka. Babu wa babu yake alilinasa kwa asali, akalifungia katika mzinga ule, akautundika njiani.

"Mizinga yote ina alama," alisema. "Ule hatukuuchoma alama kwa sababu hakuna aliyetaka kuuita wake. Wewe umeuita wako. Sasa umeivunja nyumba yake, naye anatafuta tundu jingine."

Akataka kila kipande kirudi. Hilari alikuwa amekuja na unga wa msumeno kwenye mfuko, na vibanzi vyote alivyovizoa. Ng'washi akamgeukia Emilian, akamuuliza kama kuna kilichobaki.

Emilian alilifikiria gitaa lake la zamani. Tangu atie lile daraja, lilikuwa linatoa sauti aliyoitafuta maisha yake yote. Na kibanzi chenyewe kilikuwa urefu wa kidole tu.

"Hakuna, mama."

Akaulizwa tena. Akajibu vile vile. Sikio la kufa halisikii dawa, na lake ndilo lililokuwa bora kuliko yote Tabora.

Ilipofika saa saba gitaa lilikuwa linaning'inia juu ya mti, tundu lake limepakwa asali, unga na vibanzi vya Hilari tumboni mwake. Ng'washi alifukiza moshi. Mvumo ukapita vichwani mwao ukielekea kwenye gitaa, ukaingia, naye akaliziba tundu kwa nta. Bernadeta alikohoa, kisha akaimba mstari wa kwanza wa wimbo wake, na Emilian akalia bila aibu mbele ya watu.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa hadi nje. Bernadeta aliimba kama hajawahi kuimba, Emilian nyuma yake na gitaa la zamani. Mwishoni alizifunika nyuzi kwa kiganja, na mkewe akafunga midomo, akainamisha kichwa.

Sauti yake haikukatika. Ilibaki kidogo.

Vigelegele viliifunika, hakuna aliyeisikia isipokuwa mumewe. Emilian alitoka kanisani nusu anakimbia, akafika nyumbani, akazilegeza nyuzi, akaling'oa daraja kwa kisu. Alikusudia kulipeleka Usinge siku hiyo hiyo, amwangukie Ng'washi miguuni, akubali uongo wake. Chini ya kile kibanzi, juu ya ubao wa gitaa, palikuwa na vyumba vidogo vya nta, vimepangwa vizuri, bado vina joto. Vyote vilikuwa vitupu.

Uani wanakwaya walikuwa wanaingia na Bernadeta, wanamsifu. Alimsikia akishukuru, akiomba maji, akinywa. Kisha hatua zake zikaja mpaka mlangoni. Alimwona ameshika kisu na kibanzi. Alitabasamu, midomo imefungwa, na ndani yake, mbele ya nyayo nyingi, kengele ndogo ikalia.