Miaka Thelathini na Nane Mlangoni

Msumeno ulikuwa mkononi mwa mwanangu wa kumzaa... anamkata mdogo wake miguu!

Kadi ya kliniki ilinidondoka pale pale.

"Mkubwaaa! Unafanya nini?!"

Akageuka. Jasho linamtiririka, vumbi la mbao limemjaa nyusi.

"Mama... si ulisema kliniki unamaliza saa saba?"

Ngojeni nipumue, wajukuu zangu mnaonisoma. Msikimbilie kuita polisi. Kwanza niwategee.

Kitendawili!

(Najua mmeitika.)

Mwanangu yuko mlangoni miaka thelathini na nane, haketi, hachoki, wala hakui.

Mmeshindwa? Nipeni mji.

Jibu: mstari wa penseli.

Nilizaa wawili, Mkubwa na Kitinda. Kila shule zikifunguliwa mwaka mpya, niliwasimamisha kwenye mlango wa chumba chao, daftari kichwani, nachora mstari kwenye mwimo, ule ubao wa pembeni mwa mlango. Wa kulia wa Mkubwa. Wa kushoto wa Kitinda.

Kitinda ana mistari mitano tu. Wa mwisho nimeuandika "7".

Homa ya siku tatu ikamchukua.

Penseli nikaitupa. Mwimo nikabaki nao. Kuta nimepaka rangi mara nne, lakini ule mwimo hakuna brashi iliyougusa. Kila asubuhi nainama kidogo, naweka kiganja kwenye ile saba.

"Umeamkaje, baba?"

Humu ndani ndiyo salamu yangu ya kwanza. Siku nyingine ndiyo ya mwisho.

Halafu leo nakuta msumeno!

"Mama, mchwa wamekula chini kote. Mlango utakuangukia!"

"Acha uniangukie!"

"Bibi, mbao imebaki ganda tu..." akadakia seremala. Tunamwita Fundi Pole, maana huyo hata kupiga chafya hupangia siku.

"Wewe Pole nyamaza! Kitanda changu umekitengeneza miezi mitano. Leo kwa kuharibu umewahi!"

Akatazama viatu vyake.

Nikamrudia mwanangu. 

"Ulingoja nitoke! Kuniambia ungekufa?"

"Ungekataa, Mama."

"Ningekataa, ndiyo! Tangu tumzike mdogo wako hujamtaja hata siku moja. Hukulia! Sasa hata mstari wake unakukera?"

 Mkubwa akaweka msumeno chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.



Fundi Pole ndiye aliyekohoa.

"Bibi... samahani. Hebu ingia chumbani uone upande wa pili. Tumesogeza kabati."

Jamani, lile kabati! Zito, limekaa kwenye kile chumba tangu watoto wadogo, mgongo wake umeuficha upande wa ndani wa mwimo, umebaki upenyo mwembamba tu. Upande wa sebuleni naujua kama kiganja changu. Huo wa chumbani sikuwahi kuuona.

Nikaingia. Nikavaa miwani.

Kulikuwa na mistari. Siyo ya penseli, ya kukwaruzwa kwa msumari.

Kitinda 8.

Kitinda 9.

Kitinda 10...

Inapanda, inapanda! Mwandiko wa kwanza umepinda kama mguu wa kiti kibovu, huko juu umenyooka. Wa mwisho kabisa: Kitinda 18.

 Nikakaa kitandani.

"Nani... nani kafanya hivi?"

Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, anaongea na sakafu.

"Shule zikifunguliwa nilikuwa napenya nyuma ya kabati. Naweka daftari kichwani, najipima, halafu nashusha vidole vinne. Alikuwa ananifikia hapa."

Akagusa nyusi yake.

Weee! Nikakumbuka! Kila mwaka mpya nilikuwa nasikia kitu kinakwaruza nyuma ya kabati. Nikasema panya. Nikatega mtego na kipande cha mkate. Asubuhi mkate hakuna, panya hakuna!

"Na ule mkate?"

"Nilikuwa nakula mimi."

Nikataka kucheka, likatoka jambo jingine.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Miaka yote hiyo?"

"Ulikuwa unaongea na yeye tu, Mama. Mimi hukunipima tena."

Nikainuka, nikarudi sebuleni kutazama mwimo wa kulia.

Mstari wa mwisho wa Mkubwa: 9.

Wajukuu zangu... nilimzika mmoja, na wa pili nikamwacha asimame peke yake nyuma ya kabati. Miaka kumi na moja! Kila mstari ule wa Kitinda, kichwa kilichopimwa kilikuwa cha Mkubwa.

"Sikuwa nautupa," akasema. "Nakata palipoliwa tu, kabla mchwa hawajamfikia."

Fundi Pole alimalizia kazi, akaweka ubao mpya mlangoni upande wa kushoto. Ule mwimo wa Kitinda akausimamisha chumbani kwangu, kando ya kitanda, akapima kipande kilichokatwa, akapanga matofali chini yake mpaka urefu ukarudi ule ule.

"Ili mtoto asipungue, Bibi."

Kitanda miezi mitano nikamsamehe hapo hapo.

Halafu nikavuta stuli.

"Mkubwa, simama hapo kwenye mwimo wako."

"Mama, nina mvi!"

"Nyoosha shingo! Visigino chini, usinidanganye!"

Nikamwekea kadi ya kliniki kichwani. Nikachora kwa penseli ya Fundi Pole. Mkubwa, 47. Akawa analia bila sauti, na mimi nikamwacha alie, machozi hayo alikuwa ameyaweka siku nyingi.

Jioni akarudi kwake. Nyumba ikawa ile ile, kikombe kimoja, kiti kimoja chenye joto.

Ninachowaachia ni hiki. Kama kuna kitu umekitunza kwa ajili ya aliyeondoka, mwite aliyebaki mkitazame wote. Usimfanye awe panya kwenye nyumba ya mama yake.

Asubuhi nikainama kando ya kitanda, nikagusa ile saba. Kisha nikaenda mlangoni, nikanyoosha mkono kwenye mwimo wa kulia, nikasimama kwa vidole vya miguu...

Mstari wa Mkubwa sikuufikia.

Nikapiga simu.

"Mama! Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Hakuna kitu. Nimekusalimia mlangoni, hujaitika."