Kitovu cha Tumu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya majumba ya Kizingo Dzoro alipochukua mkasi wa bustani. Kazi yenyewe haikuwa kitu: kupunguza kichaka kifupi cha miiba na maua mekundu pale barazani, kisichozidi magoti. Kesho mwajiri wake, Bi Jacinta, alikuwa na wageni.

Kichaka hicho Dzoro alikilea mwenyewe. Alikipanda kikiwa kijiti, akakitia samadi, akakimwagilia shinani kila asubuhi. Siri ya mapenzi hayo aliijua mkewe Kanze peke yake. Mwaka wa tisini na mbili, kitovu cha binti yao Tumu kilipoanguka, Dzoro alinyimwa ruhusa ya kwenda kwao Kaloleni akakizike chini ya mnazi, kama wafanyavyo wazee wake. Akakizika hapa, chini ya kichaka hiki. Ardhi ya watu, mmea wa watu! Lakini angefanyaje?

Kwach! Kijitawi kikaanguka.

Mmea ule hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Leo ulitoka mwekundu... na ulinuka damu.

Kule nyuma, katika chumba cha wafanyakazi, Tumu, sasa mtoto wa miaka minne, akapiga ukelele.

Labda amejikwaa, Dzoro alijiambia. Mjinga wee, Dzoro! Akakata tawi la pili, na ukelele ukazidi wa kwanza. Kanze akatoka mbio amempakata mtoto, kanga imelowa damu. Mkono wa Tumu ulikuwa umepasuka mahali pawili, na mfupa unaonekana.

"Dzoro, mwana yuakatwa!" alinong'ona. "Hapana mtu, hapana kisu... yuakatwa!"

Mkasi ukamponyoka. Alielewa: kichaka na mwanawe ni mwili mmoja.

Bi Jacinta akatokea barazani. "Mbona umeachia nusu? Mimi sitaki tena hii kitu ya miiba. Ng'oa yote."

"Mama, nakuomba. Nifukuze kazi, lakini usikiguse."

"Nyumba yangu, maua yangu!" Akaokota mkasi, akapiga magoti, akaupeleka kwenye shina.

Tumu akajishika shingo. Chini ya vidole vyake mstari mwekundu ukaanza kujichora.

Dzoro akajitupa. Akalishika shina kwa ngumi, miiba ikamzama kiganjani. Jacinta aliona au hakuona, Mungu ndiye ajuaye. Akaubana mkasi.

Kwach.

Vidole viwili vya Dzoro vikaanguka. Damu iliruka hadi ukutani, na iliyomwagika chini udongo uliinywa yote, kwa mlio wa mtu mwenye kiu. Walipotazama tena, vidole havikuwapo. Tumu alinyamaza. Shingo yake ilikuwa safi.

Jacinta alikimbilia ndani akipiga mayowe. Jioni ileile Dzoro na jamaa yake walihama, wakapanga chumba karibu na Kibarani. Wazee wa Kaloleni walisema kichaka kimekubali vidole badala ya mtoto. Mpaka lini, hawakusema.

Miezi minne ikapita. Jioni moja Tumu aliacha kula, akainamisha kichwa kama anayesikiliza kitu sakafuni.

"Baba..."

"Naam, mama."

"Nani yuanichimba?"

Dzoro alikuwa keshatoka mlangoni. Lakini kutoka Kibarani hadi Kizingo, hata kwa mbio, ni mwendo wa saa nzima.