Hodi ya Mwenye Panga

Rafiki yangu Nduwimana, Mrundi aliyehamia mtaa wa Mafiga chini ya milima ya Uluguru, anaishi kwa kuandika vitabu vya kutisha. Muuaji wa vitabuni mwake hunoa panga kizingitini, hupiga hodi, na haingii mpaka akaribishwe.

Mchana mmoja alipanda Uluguru kununua kabichi kwa mkulima mmoja, Bibi Paskalia. Wakiwa ndani, ukungu ukaziba dirisha, nyumba ikawa giza. Nje mbuzi akalia, mlio ukakatika ghafla. Kisha panga likaanza kunolewa kwenye jiwe la kizingiti, taratibu.

"Hodi," mwanamume akaita.

"Karibu baba, pita," bibi akajibu, maana kule mlimani hodi haiachwi bila jibu. Nduwimana akamrukia, akamziba mdomo mpaka meno yakamchana kiganja, lakini neno lilikwishatoka.

Mlango ukasukumwa. Hapakuwa na mtu. Kichwa cha mbuzi tu, damu yake ikifuka.

Nyuma yao, chumbani, panga likaanza kunolewa tena.